Mlima wa Moto Uliomo Baharini na Mawimbi Yake

Watu wa pwani huyajua mawimbi ya namna mbili, na mtoto wa pwani huyajua kabla hajajua kuandika jina lake. La kwanza ni wimbi la upepo: upepo wa kusi ukivuma bahari huchafuka, na upepo ukitua nayo hutua. La pili ni kujaa na kupwa kwa maji, ambako hufuata mwezi, bamvua kwa wakati wake na maji mafu kwa wakati wake. Liko na la tatu, lisilofuata upepo wala mwezi, nalo ndilo lililokusudiwa katika somo hili. Wajapani huliita tsunami, na maana yake katika lugha yao ni wimbi la bandarini. Jina hilo lina hekima ndani yake, kwani wavuvi wao walikuwa wakivua mbali kilindini wasione kitu, kisha wakirudi hukuta bandari imevunjwa na watu wao wamechukuliwa.

Tofauti ya wimbi hili na wimbi la upepo si ukubwa tu, bali ni asili yake. Wimbi la upepo ni ngozi ya bahari. Mzamiaji akishuka chini yake vya kutosha hukuta maji yametulia. Ama tsunami ni maji yote pamoja, tangu uso wa bahari hata chini mchangani, yamesukumwa kwa mara moja. Kwa hiyo mwendo wake hutegemea kina cha bahari. Penye kina cha mita 4,000 wimbi hili hwenda kilomita 700 na zaidi kwa saa, nao ni mwendo wa kukaribia ule wa ndege kubwa za abiria. Likifika penye kina cha mita 10, mwendo wake hupungua hata ukawa kiasi cha kilomita 36 kwa saa. Huko kilindini kimo chake huenda kisifike hata mita moja, na kutoka mgongo wa wimbi hata mgongo wa pili ni kilomita nyingi. Basi chombo hupanda na kushuka polepole, na mabaharia wasijue. Likikaribia nchi, sehemu ya mbele hupunguza mwendo na ya nyuma ingali inakuja mbio, ndipo maji hupandana, na kimo chake kikawa kimo cha mnazi. Wala halivunjiki likarudi kama mawimbi ya mwambani. Huingia nchi kavu dakika baada ya dakika kama mto uliofurika, na kurudi kwake huchukua kila kilicholegezwa na kuja kwake.

Mara nyingi sababu yake ni tetemeko la ardhi chini ya bahari. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tarehe 26 Desemba 2004, ilipotetemeka ardhi karibu na Sumatra, mawimbi yakavuka Bahari ya Hindi yote na kuua watu zaidi ya 220,000. Katika hao, karibu 300 ni wa Somalia, na wako waliokufa Tanzania na Kenya. Khabari hiyo wengi wangali wanaikumbuka. Lakini iko sababu nyingine isiyosemwa sana, nayo ni mlima wa moto ulio chini ya bahari, au uliosimama baharini kama kisiwa, unapopasuka.

Wengi wakisikia hayo hudhani ya kuwa moto huichemsha bahari mpaka ikafurika kama chungu. Dhana hiyo si sahihi, kwani bahari ni kubwa mno kuchemshwa na mlima mmoja. Linaloinua wimbi si moto. Ni maji kuondoshwa mahali pake kwa ghafula. Mtu akiingia polepole katika birika la kuogea, maji hupanda kidogo yakatulia. Akijitupa, maji humwagika ukingoni. Maji ni yale yale na mtu ni yule yule. Lililozidi ni ile ghafula.

Na mlima wa moto huyaondosha maji kwa njia nyingi. Mawe yaliyoyeyuka yakikutana na maji mahali pasipo kina kirefu, maji hugeuka mvuke, na mvuke hutaka nafasi kiasi cha mara 1,700 kuliko maji uliotokana nayo. Basi hupasuka kama baruti. Huenda ubavu wa mlima ukaporomoka ukaingia baharini. Huenda tumbo la mlima, likiisha kutapika vilivyomo, likabaki tupu na paa lake likaanguka, bahari ikaingia shimoni kisha ikarudi kwa kishindo. Huenda majivu ya moto na mawe, yaliyorushwa juu, yakarudi chini na kuteremka ubavuni mwa mlima kama mafuriko, yakaipiga bahari. Na iko njia ya tano, ya hewa, ambayo itatajwa mahali pake.

Pasipo ghafula hapana wimbi. Ushahidi wa hayo hauko mbali, uko Visiwa vya Komoro. Mwaka 2018, kuanzia mwezi wa Mei, watu wa Maore, ambayo Wafaransa huiita Mayotte, walitikiswa na matetemeko mengi, usiku na mchana, hata wengine wakaogopa kulala majumbani mwao. Mwaka uliofuata merikebu ya wataalamu wa Kifaransa ilipima chini ya bahari, kiasi cha kilomita 50 mashariki ya kisiwa hicho, ikakuta mlima mpya usiokuwamo katika vipimo vya zamani. Kimo chake kilikuwa kiasi cha mita 800, nao umesimama penye kina cha mita 3,500. Mlima mzima ulizaliwa katika bahari ya jirani, na hapana wimbi lililodhuru mtu. Uzito wa maji ya kina kama hicho haukuuacha mvuke upasuke, na mawe yaliyoyeyuka yalitoka kwa muda wa miezi mingi, si kwa siku moja. Hata hivyo walioogopa kulala ndani hawakustahiki kuchekwa, kwani aliye juu ya nchi hana njia ya kujua kama moto uliopo chini yake uko kilindini au uko karibu na uso wa maji.

Ama mlima uliopasuka karibu na uso wa maji, khabari yake iliyo mashuhuri kuliko zote ni ya Krakatau. Kisiwa hiki kilikuwa katika mlango wa bahari wa Sunda, baina ya Java na Sumatra, katika njia ya merikebu ziendazo Uchina. Nchi hizo wakati huo zilikuwa chini ya Wadachi. Watu wa pwani zile, wa Banten na wa Lampung, walikuwa Waislamu, wavuvi na wakulima wa mpunga na pilipili manga, na maisha yao hayakuachana sana na maisha ya watu wa mwambao wa Afrika.

Tarehe 20 Mei 1883 mlima ulianza kutoa moshi na majivu. Watu walishtuka, kisha wakazoea. Hata ikatoka merikebu Batavia, iitwayo Gouverneur-Generaal Loudon, kuwachukua watu kwenda kuutazama moto kama mtu aendaye kutazama ngoma. Miezi mitatu ikapita hivyo. Jumapili, tarehe 26 Agosti, katika Mfunguo Mosi wa mwaka 1300 wa Hijra, mlima ulianza kunguruma kwa nguvu mchana, na usiku ule bahari ikawa haitulii. Siku ya pili, tangu saa kumi na moja na nusu alfajiri, ulipasuka mara nne, na mpasuko wa tatu, wa saa nne na dakika mbili asubuhi, ndio uliokuwa mkubwa kupita yote. Theluthi mbili za kisiwa zikatoweka. Mahali palipokuwa pamesimama mlima pakawa bahari, kina chake kiasi cha mita 250.

Mawimbi ya asubuhi ile yaliufuta mji wa Anyer pamoja na mnara wake wa taa, na Merak, na Caringin, na Telok Betong upande wa Sumatra. Mahali pengine maji yalipanda mita 30, na Merak yalipanda zaidi ya hapo. Jiwe la matumbawe la kiasi cha tani 600 lilitolewa baharini likatupwa nchi kavu. Wengi hawakuliona wimbi lililowaua, kwani majivu yalikuwa yamefunika jua, na saa nne ya asubuhi ilikuwa kama saa nne ya usiku. Serikali ya Kidachi ilihesabu waliokufa kuwa 36,417, na vijiji vilivyoangamia 165. Wengi mno katika hao waliuawa na maji, si na moto.

Katika ghuba ya Lampung asubuhi ile ilikuwako ile merikebu Loudon, imejaa abiria, na iko khabari yake inayowapasa wenye vyombo kuijua. Nahodha wake, Lindeman, alipoliona wimbi linakuja hakukimbilia pwani. Aliigeuza merikebu akaielekeza omo kwenye wimbi, akalipanda. Merikebu ikainuka, ikapita juu, ikashuka upande wa pili salama, na waliomo wakatazama wimbi lile lile likiuingia mji wa Telok Betong na kuuondoa. Na ilikuwako ghubani humo manowari ndogo ya Wadachi, Berouw, karibu na nchi. Hiyo maji yaliitwaa, yakaipandisha bondeni kwa njia ya mto, yakaiacha msituni kiasi cha kilomita 3 kutoka baharini, na mabaharia wake wote wakafa. Vyombo viwili, ghuba moja, asubuhi moja; kimoja kilikuwa penye maji mengi na kingine penye maji machache. Na mjini, walionusurika ni wale waliokwisha kupanda kilimani.

Wataalamu wamekhitilafiana tangu zamani katika lililoyainua mawimbi ya Krakatau. Wako waliosema ni kuanguka kwa paa la mlima, na wako waliosema ni mvuke kupasuka chini ya maji. Wengi wa siku hizi huelekea kusema ya kuwa sababu kubwa ni mafuriko ya majivu ya moto yaliyoipiga bahari. Kauli hii ina nguvu, kwani upande wa Sumatra, kiasi cha kilomita 40 kutoka mlimani, watu wa Ketimbang waliunguzwa na majivu yaliyovuka bahari yangali na moto, na lililovuka bahari hivyo halikosi kuisukuma. Wallahu aalamu.

Kishindo cha mpasuko ule kilisikiwa katika kisiwa cha Rodrigues, karibu na Mauritius, umbali wa karibu kilomita 4,800, baada ya kiasi cha saa nne. Mkuu wa polisi wa huko alidhani ni mizinga ya merikebu iliyo mbali. Mawimbi nayo yalifika Aden baada ya saa 12 hivi, yakiwa madogo, yakapimwa kwa chombo cha kupimia kujaa na kupwa. Na katika mwaka uliofuata, mawe mepesi yenye vitundu, ya jinsi ya yale ya kusugulia nyayo, yalikuwa yakielea katika Bahari ya Hindi vipande vipande kama mikeka, hata yakatupwa katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Watu wa pwani hii waliokota vipande vya mlima wa Java katika ufuo wao.

Hapa pana swali. Ikiwa mpasuko ule ulisikiwa mbali hivyo, mbona mawimbi yake hayakuiangamiza Aden wala pwani ya Afrika, na yale ya mwaka 2004 yakaua watu Somalia? Jawabu ni kuwa tetemeko kubwa huinua chini ya bahari kwa urefu wa mamia ya kilomita, na wimbi lake huwa refu, likahifadhi nguvu zake katika safari. Mlima wa moto husukuma maji ya mahali pamoja tu. Wimbi lake huwa fupi, na nguvu zake hutawanyika kila liendako, kama duara za jiwe lililotupwa bwawani. Aliye karibu huangamia, na aliye mbali huenda asijue. Ndiyo maana hatari ya mlima wa moto ni hatari ya majirani zake.

Na kwa majirani hao muda ni mfupi, na dalili si ile waliyoizoea. Hapa ndipo palipo uzito wa somo hili. Watu wengi wa pwani wamefundishwa, na wamefundishwa vyema, ya kuwa ardhi ikitikisika sana wakimbie bahari. Lakini mlima ukiporomoka, huenda ardhi isitikisike kiasi cha mtu kuhisi.

Mahali pa Krakatau ya kale pameota mlima mwingine. Ulianza kuonekana mwishoni mwa mwaka 1927, na wenyeji wakauita Anak Krakatau, yaani mtoto wa Krakatau. Ukakua hata ukafika kimo cha mita 338. Usiku wa Jumamosi, tarehe 22 Desemba 2018, baada ya miezi ya kutoa moshi na mawe, ubavu wake wa kusini-magharibi uliporomoka ukaingia baharini. Hapakuwa na tetemeko kubwa lililohisiwa. Vyombo vya kuonya vya Indonesia viliwekwa kwa ajili ya matetemeko, basi vilingoja tetemeko, na tetemeko halikuja. Usiku huo ulikuwa wa mwezi mpevu, na wakuu wa ilimu ya hali ya hewa wa huko kwanza wakasema ni maji ya bamvua tu, watu wasiogope, kisha wakarudi wakasema sivyo. Katika muda ule watu walikuwa mahotelini, wengine katika sherehe ufukweni penyewe, na mawimbi yakawajia gizani pasipo kengele wala tangazo. Waliokufa walizidi 400. Mlima uliokuwa na mita 338 ukabaki na kiasi cha mita 110.

Hao wakuu hawakusema uwongo kwa kusudi. Walihukumu kwa dalili walizokuwa nazo, na dalili zao zilikuwa za namna moja. Lakini walioko ufukweni walikuwa wakiuona moto wa mlima kwa macho yao siku zote, na kuuona moto ni dalili, hata kama chombo hakikusema.

Miaka mitatu baadaye ikaja ile njia ya tano. Tarehe 15 Januari 2022, karibu na magharibi, mlima wa Hunga Tonga-Hunga Ha'apai, katika visiwa vya Tonga vilivyomo Bahari ya Pasifiki, ulipasuka kwa nguvu ambazo hazikuonekana tangu Krakatau. Wingu lake lilipanda kiasi cha kilomita 57. Hewa yenyewe ilisukumwa, na msukumo huo ukaizunguka dunia zaidi ya mara moja, kwa mwendo wa kiasi cha kilomita 1,100 kwa saa, nao ni mwepesi kuliko wimbi la maji. Kila ulipopita juu ya bahari uliyavuta maji chini yake, hata mawimbi madogo yakaonekana katika Bahari ya Karibi na Bahari ya Rum, ambako maji ya Tonga hayangeweza kufika, kwani nchi kavu imezuia. Mabara hayauzuii upepo. Na kwa kuwa hewa ilitangulia, mahali pengi bahari ilianza kucheza kabla ya saa iliyokadiriwa na wataalamu.

Katika visiwa vya Tonga vilivyo karibu maji yalipanda mahali pengine karibu mita 20, na katika kisiwa kidogo cha Mango nyumba zote zilibomolewa. Waya wa simu ulio chini ya bahari ukakatika, nchi ikawa haina khabari na walimwengu. Na juu ya hayo yote, waliouawa na maji Tonga walikuwa 3. Peru, umbali wa zaidi ya kilomita 10,000, walizama 2. Mtu akilinganisha hesabu hiyo na ile ya Sunda ya 2018 hustaajabu, kwani mpasuko wa Tonga ulikuwa mkubwa zaidi mara nyingi. Katika sababu zake ni kuwa Tonga kulikuwa mchana, na watu walisikia mlio, wakaona wingu, na wengi wao hawakungoja kuambiwa; walipanda juu.

Basi dalili zilizothibiti ni hizi. Mlio mkubwa kutoka baharini, kama mzinga au zaidi, usiokuwa wa radi. Maji kupwa ghafula pasipo wakati wake, hata miamba na samaki vikaonekana wazi; na hapo wengi hukosea, wakashuka kuokota samaki. Au maji kujaa ghafula pasipo wakati wake, kwani wimbi si lazima litanguliwe na kupwa. Asiyejua majira ya maji ya pwani yake hawezi kuitambua dalili ya pili wala ya tatu, na vijana wengi wa mijini sasa hawayajui. Mwaka 2004, wimbi lilipofika Kenya, maji yalikuwa yamekupwa, na kupwa huko kulipunguza madhara. Lingalifika wakati wa maji kujaa, khabari ingalikuwa nyingine.

Tangu mwaka 2011 Bahari ya Hindi ina mpango wa kuonyana kati ya nchi zake, na vituo vyake vikubwa viko Indonesia, India na Australia. Kwa wimbi la tetemeko la mbali, mpango huo huipa pwani ya Afrika saa nyingi. Kwa wimbi la mlima wa jirani, onyo huenda likafika baada ya wimbi.

Aliye baharini penye maji mengi na abaki huko, asikimbilie bandarini, kama alivyofanya nahodha wa Loudon. Aliye nchi kavu na aache chombo chake na nyavu zake zilipo, apande juu kwa miguu, wala asishuke wimbi la kwanza likiisha kurudi. Mawimbi haya huja kwa mfuatano, na la kwanza aghalabu silo kubwa. Telok Betong ilipigwa mapema asubuhi, kiasi cha saa kumi na mbili na nusu, na wimbi kubwa kupita yote lilikuja baada ya ule mpasuko wa saa nne. Baina ya mawimbi hayo zilipita saa tatu na zaidi, muda wa kutosha mtu kushuka kwenda kutafuta mali yake.